Mtoto Aliyepimwa na Nguo Zake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikianza kuisimulia siwezi kukaa. Hapa nilipo nimetulia na magoti yangu yanayouma, lakini subiri kidogo tu, utaona nimeshanyanyuka, mikono inapaa hewani, na mjukuu wangu ananiambia bibi kaa chini. Nivumilie. Ni siku niliyokaribia kumuua mtoto wa watu kwa sababu ya adabu. Ndiyo, adabu, wala si uvivu. Na kwa kuwa wewe unaanza kazi hii ya uuguzi, naona ni vizuri ukisikie kisa hiki kutoka kwangu mwenyewe niliyekosea, usije ukakisikia nusunusu kwa watu.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo. Jina langu unalijua, Limi, lakini Limi wa wakati ule humjui. Nilikuwa muuguzi mkunga wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Shinyanga vijijini, mwembamba, mwepesi, mdomo haufungi. Sikuwa nimeolewa. Mama yangu aliomba kila Jumapili nipate mume, mimi nikaomba nipate baiskeli, na baiskeli ikaja kwanza. Niliipata siku nilipochukuliwa kwenye utafiti wa Daktari Kemilembe.

Huyo Daktari Kemilembe alikuwa mama wa Kihaya, bingwa wa watoto, amekaribia hamsini, mfupi, miwani yake ameifunga kamba ya kiatu ili isipotee. Alikuja huku kwetu kwenye machimbo ya dhahabu na swali moja lililokuwa linamkosesha raha: kwa nini watoto wengi wa huku wanakufa hata wiki haijaisha tangu wazaliwe? Akinamama wa machimboni, wewe unawajua, walikuwa wanaponda mawe kwa kinu cha chuma mpaka siku ya uchungu. Watoto wakawa wanazaliwa wadogo kabla ya wakati wao. Hospitali yenye mashine za kuwapa joto ilikuwa mbali, na mashine zenyewe mara nyingi umeme haupo.

Siku ya kwanza ya mafunzo, pale Kalangalala mjini Geita, Daktari aliingia na sukari ya kilo moja na nusu aliyoinunua dukani kwa Mama Zarina, Mhindi jirani yetu. Akaifunga kifuani kwa kitenge, chini ya blauzi, akafunga vifungo juu yake, halafu akatufundisha saa nzima akiwa nayo. Akaandika ubaoni nayo, akanywa chai nayo. Mwisho akaitoa, akampa kila mmoja wetu aishike. Sukari ilikuwa ya moto!

"Hii ndiyo mashine," akasema. "Kifua cha mama. Ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, maziwa anakamua na kumnyweshea kwa kikombe. Haihitaji umeme. Ila lazima tumjue mtoto mdogo mapema, kabla baridi haijamjua."

Weee! Nilitoka mle ndani moyo unanidunda. Nilikuwa nimeona watoto wengi wakitutoka mikononi huku tumesimama tunaangaliana, na leo mtu ananiambia dawa ninayo mwilini mwangu! Sikulala vizuri kwa furaha. Nikajiapiza kuwa nitakuwa mfanyakazi wake bora kuliko wote, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Nilipangiwa machimbo ya Nyarugusu. Mtoto akizaliwa nyumbani, nifike kabla siku haijaisha, nitundike mizani yangu ya kuning'iniza kwenye boriti ya nyumba, nimpime, niandike kwenye kitabu. Akiwa chini ya kilo mbili, nipeleke habari zahanati siku hiyohiyo ili Daktari aje amfundishe mama yake. Na mtoto apimwe uchi. Daktari alilirudia hilo mara tatu, "Uchi kabisa, jamani," akituangalia mmoja mmoja.

Sasa sikiliza. Kwetu Usukumani, katika nyumba nyingi za wakati ule, mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka hafunuliwi mbele ya mgeni. Wanaogopa jicho la watu. Anafungwa, anafunikwa, anakaa ndani na bibi yake anamlinda mlangoni. Mimi nilikulia humo. Mtu wa Dar es Salaam au wa Bukoba angeingia na mizani yake na kusema mvueni mtoto, angetolewa nje. Mimi nilijua. Nilikuwa naingia kwa adabu zote, nasalimia, "Shikamoo mayu," yaani mama, napiga goti, tunaulizana habari za nyumbani kwa Kisukuma, tunacheka. Halafu nasema, mayu, wala usihangaike kumfunua, mpe hivyohivyo na nguo zake, nitajua mwenyewe nguo zina uzito gani. Basi bibi anafurahi! Huyu binti amelelewa. Mtoto anaingia kwenye mfuko wa mizani na khanga zake, nasoma, nakata gramu mia mbili za nguo, naandika. Kwisha.

Nilijiona mjanja kupita kiasi. Wenzangu walikuwa wanafukuzwa, wanarudi na kurasa nyeupe, mimi kitabu changu kimejaa. Wanawake wa Nyarugusu walinipenda, nikipita na baiskeli wananiita kwa jina, wananipa karanga. Kichwa kikavimba. Nikaanza hata kuwafundisha wenzangu heshima.

Daktari alikuwa anakuja Nyarugusu kila Ijumaa kukagua. Ijumaa ninayokusimulia ilikuwa ya mwezi wa saba, ule wa baridi na upepo. Nilimpa kitabu changu pale zahanati, nikasimama pembeni nikisubiri sifa. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi wa kwanza. Akavua miwani, akaifuta, akavaa.

"Limi," akasema, "wadogo wako wako wapi?"

"Wadogo gani, Daktari?"

"Watoto wadogo. Hapa hakuna hata mmoja aliye chini ya kilo mbili. Kila mtaa wa machimbo haya nimeona akinamama wanaponda mawe na tumbo la miezi minane. Halafu wote wanazaa watoto wanono? Hata mjini Geita sijapata kitabu kizuri namna hii."

Nikacheka kidogo. Nikasema labda Mungu amewajalia. Yeye hakucheka.

"Uliwapima uchi?"

Mwanangu, hapo nilikuwa na nafasi. Mdomo wangu huu, ambao haufungi, ungeweza kusema hapana, na mambo yangeishia pale kwa kugombezwa tu. Lakini wenzangu wawili walikuwa wamesimama wananitazama, walewale niliokuwa nawafundisha heshima. Nikajikaza kisabuni.

"Uchi kabisa, Daktari."

Akasema sawa, ahsante, akafunga kitabu, akakitia mkobani, akatoka kwenda kwenye gari lake. Nikashusha pumzi. Nimepona!

Nimepona wapi. Gari lilipowaka tu, ikanijia sura ya mtoto mmoja. Alikuwa wa kike, nilimpima Jumatatu kule ng'ambo ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Mama yake alikuwa msichana anaitwa Kabula, uzazi wake wa kwanza, na aliyenipokea ni mama mkwe wake, Mayu Ng'wana Shija. Nguo za mtoto zilikuwa nyingi kwa sababu ya baridi: blanketi, khanga mbili, sweta, kofia. Mizani ilisoma kilo mbili na gramu mia tisa. Nikakata zangu mia mbili, nikaandika mbili na mia saba. Lakini uso! Uso niliouona kwenye tundu la kofia ulikuwa mdogo sana, haukuzidi ngumi yangu. Nilikuwa nimeuona Jumatatu na nikaupita. Na maneno ya bibi yake yakanirudia vilevile alivyoyasema kwa furaha, kwamba huyu mtoto ni mwema kweli, hasumbui, hata halii.

Hata halii! Mtoto wa siku moja, halii!

Nilikimbia. Nilikimbia nyuma ya lile gari napiga kelele, khanga imenidondoka njiani sijali, wachimba dhahabu wamesimama wanashangilia wakidhani nimeibiwa au nimeachwa na bwana. Nikalifikia kwenye kona ya soko, nikalipiga bodi kwa mikono miwili. Dereva akakanyaga breki. Daktari akatoa kichwa.

"Nilidanganya," nikasema. Pumzi hakuna. "Nilipima na nguo. Wote. Na yuko mmoja halii."

Nilitegemea anifokee. Nilitegemea aniambie niache kazi palepale na baiskeli nirudishe. Alifungua mlango, akashuka.

"Halii tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Gari linafika?"

"Halifiki, Daktari. Ni katikati ya maduara, kuna njia ya mguu tu."

"Baiskeli yako iko wapi?"

Basi hebu nione kama utaniamini. Bingwa wa watoto, mama mtu mzima, alipanda nyuma ya baiskeli yangu kwenye keria, miguu upande mmoja, mizani ameikumbatia, na mkoba wake shingoni. Nikakanyaga! Tukapita kwenye mwalo ambako watu wanaosha udongo wao wa dhahabu, tope likaturukia. Tukapita kati ya shimo na shimo, kila shimo lina watu chini na kamba juu, na ukikosea tairi umeingia. Wana-apolo, ndivyo wachimbaji walivyokuwa wanajiita, wakapiga miluzi: "Mwendo, mama, mwendo!" Mimi machozi yananitoka na upepo unayakausha. Daktari hakusema kitu isipokuwa mara moja tu, tulipochopoka kwenye ukingo wa duara moja, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tukifa sisi hatumsaidii." Nikapunguza kidogo.

Tulipofika, Mayu Ng'wana Shija alikuwa amekaa mlangoni pake anachagua mchele. Akafurahi kuniona. Ningekuwa mimi peke yangu, ningeingia kwa pupa ile ile ya njiani na kumvuta mtoto, na mlango ungefungwa. Daktari akanishika mkono. Akapiga goti yeye mwenyewe, na vumbi lake lote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu. Karibuni."

"Mama, mjukuu wako nina wasiwasi naye. Nataka kujua uzito wake yeye, bila nguo. Mimi ni mgeni, sitamfunua. Huyu binti naye hatamfunua. Mfunue wewe bibi yake, ndani, mlango umefungwa, sisi tukigeukia ukutani. Wewe ndiye utakayemweka kwenye mizani. Ukishamfunika kwa khanga moja, utatuita."

Yule bibi akamwangalia Daktari, akaniangalia mimi. Akasema, "Hivyo mbona inawezekana." Kwa urahisi tu namna hiyo! Mimi kwa wiki nyingi nilikuwa nimemhukumu yeye na wenzake kwamba hawawezi kukubali, na wala sikuwahi kuuliza hata mmoja.

Tukaingia. Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka anatetemeka, homa imempanda. Daktari akamgusa paji la uso, akaanza kutoa dawa mkobani. Mimi nikatundika mizani, nikageukia ukutani. Nasikia nyuma yangu nguo zinafunguliwa, moja, nyingine, nyingine tena. Halafu nikasikia kitu kizito kimeanguka chini, kitwa!

Nikashtuka. "Mayu, nini hicho?"

"Ni moko ya baba yake," akasema bibi. Moko ni ile patasi nene ya chuma ya kuchimbia mwamba. "Kwetu chuma cha baba kinalala na mtoto mpaka kitovu kidondoke. Kinamlinda."

Yaani mwanangu, nilimpima mtoto na patasi! Na ungenikata kichwa siku ile nisingewaza kitu kama hicho. Nikataka kucheka, nikataka kulia. Bibi akasema, "Tayari." Tukageuka. Mshale wa mizani, ukitoa ile khanga, ulikuwa umesimama kwenye kilo moja na nusu.

Uzito wa ile sukari, mwanangu. Nilikuwa nimewahi kuushika.

Daktari akamgusa mtoto mgongoni na miguuni. Mguu ulikuwa wa baridi, rangi imefifia, na alipominywa kisigino alikunja uso tu bila sauti. Nikasema tumkimbize hospitali. Daktari akatikisa kichwa. "Akisafiri hivi hafiki. Kwanza apate joto. Mama yake anatetemeka, hawezi sasa hivi." Akanigeukia. "Vua blauzi."

"Mimi?"

"Wewe una kifua au huna?"

Nikavua. Sijawahi kuzaa, sijaolewa, nimesimama mbele ya mama mkwe wa mtu nusu uchi. Bibi mwenyewe akamweka yule mtoto kati ya matiti yangu, kofia kichwani, na kutufunga pamoja kwa khanga, na blanketi juu. Lo! Ubaridi ule! Nimeshika maji ya mtungi alfajiri ya mwezi wa saba, lakini sijashika baridi namna ile. Namba niliyoiandika kwa mwandiko mzuri ndiyo hii hapa imelala kifuani kwangu, haipumui vizuri. Nikakaa chini nikimwambia kimyakimya, nisamehe, nisamehe, usiende. Daktari alimkamulia Kabula maziwa kwenye kikombe, akawa anamdondoshea mtoto mdomoni tone moja moja. Matone ya kwanza yalitiririka nje. Akaendelea.

Sijui ilipita saa moja au zaidi. Jua lilikuwa bado liko juu, mwanga unaingia kwenye matundu ya mlango. Nikahisi kidole. Kidole kidogo kinanikwaruza ngozi. Nikasema, "Daktari," kwa kunong'ona, nikiogopa kukitisha. Halafu tone likaingia, likamezwa. Jingine likamezwa. Halafu ndani ya blanketi langu ikatoka sauti, nyembamba, ya hasira, ya mtu aliyeamshwa bila kutaka.

Alilia! Mwanangu, alilia! Hakuna wimbo nilioupenda maishani kama kelele zile. Mayu Ng'wana Shija akaruka, akapiga kigelegele, majirani wakajibu bila kujua wanajibu nini, Kabula akanyanyua kichwa kwenye mkeka anauliza ni wangu huyo? Ni wangu huyo? Daktari akakaa chini akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Mtoto mwema ni yule anayelia," akamwambia bibi. Bibi akasema, "Gete," yaani kweli kabisa, "huyu sasa ni mwema sana, ananitoboa masikio."

Ikabidi tuwapeleke hospitali Geita, mtoto na mama yake, na mimi nilikuwa nimekufa ganzi miguu. Wakamwita baba yake, Masele, kutoka shimoni. Akapanda na kamba, mwili mzima umejaa vumbi la mawe kama unga. Daktari akamwambia kifua chake ndicho kitakachombeba mtoto mpaka kwenye gari. Masele akaomba maji, akanawa kifua tu, na kuacha mwili mwingine wote mweupe. Wenzake wakaanza kumcheka, Masele umekuwa mama, Masele utanyonyesha? Alipofungwa yule mtoto kifuani wakaona kichwa kidogo kimelala pale, wakanyamaza, na wawili wakatangulia mbele kumwonyesha pa kukanyaga kati ya mashimo. Yeye alitembea polepole, mikono imezunguka khanga, akimwimbia kitu cha Kisukuma ambacho nadhani alikitunga palepale.

Yule mtoto aliishi. Nakwambia mapema usikae na roho juu. Walikaa wiki kadhaa hospitalini wakibadilishana vifua, baba, mama na bibi, na walirudi Nyarugusu na msichana anayelia mtaa mzima ukasikia.

Lakini kisa hakiishii kwenye vigelegele, nami sitaki nikudanganye kwa mara ya pili katika maisha yangu. Jioni ile, nje ya wodi, Daktari alinirudishia kitabu changu. Nilidhani ndiyo kwaheri.

"Kupima na nguo ni kosa," akasema, "na kosa hilo nitakufundisha mpaka uliache. Ile 'uchi kabisa' uliyoniambia zahanati, hiyo mimi siwezi kukufundisha. Hiyo ni yako. Kesho asubuhi tunaanza nyumba ya kwanza katika kitabu hiki, tunarudia wote."

Tukarudia. Nyumba kwa nyumba, kila bibi akimfunua mjukuu wake mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyekataa alipoombwa kwa heshima na kuelezwa sababu. Kwanza tulipima khanga ya kumfunika peke yake, kisha mtoto nayo. Wadogo wakaanza kutokea, wale ambao kitabu changu kilikuwa kimewaficha, na kila aliyetokea nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Akinamama wakafunga vitenge, watoto wakaingia vifuani, na mtaa wa wapondaji mawe ukaanza kuwa na wanawake wenye vifua vikubwa ghafla. Tulicheka sana siku zile.

Nyumba moja tulikuta mlango umefungwa na mama amekaa nje, kichwa amekifunga kitambaa. Mtoto wake alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Kitabu changu kilisema kilo mbili na mia nne. Nikamuuliza Daktari tukiwa njiani, baada ya kwenda mbali kidogo, kama ni mimi. Nilitaka aseme hapana.

"Sijui," akasema. "Na wewe hutajua. Kwa sababu hukuangalia, hatutajua kamwe."

Nimezalisha watoto wengi tangu siku hiyo, mwanangu, mpaka nimestaafu. Huyo mmoja bado namuwaza.

Kwa hiyo nikwambie waziwazi ninachotaka ukichukue. Utafanya kazi na watu wako, watu unaojua lugha yao na mila zao, na utajisikia vizuri kupendwa nao. Usije ukatumia kupendwa huko kama sababu ya kutoangalia. Mimi nilidhani heshima ni kutouliza. Heshima ni kuuliza ukiwa umepiga goti, ukaeleza sababu, ukampa mwenye nyumba nafasi ya kufanya mwenyewe. Ukijaza namba ambayo hukuiona, hata kama ni nzuri na kila mtu anakusifu, jua kuna mtu chini ya ile namba, na mtu huyo huenda yuko baridi. Na siku ukigundua umekosea, kimbia. Usisubiri upate maneno mazuri ya kujieleza. Kimbia na khanga ikudondoke, ligonge gari, sema nilidanganya. Utaona aibu siku moja, na mtoto wa watu atapata maisha yake yote.

Haya, njoo karibu nikuwekee mkono kichwani, maana mimi nimeshasimama tayari, nilikwambia. Mungu akupe macho yanayotaka kuona mpaka mwisho. Akupe goti jepesi mbele ya wazee na ulimi usiochelewa kukiri. Watoto utakaowapokea, wote, wafike mikononi mwako wakipiga kelele, na siku atakapotokea mmoja aliyenyamaza, Mungu akuweke pale, umsikie.